Sura ya Tatu na Suruali ya Mwenyekiti

Mwanabuto, Bonde la Gwembe
16 Mei 2016

Kwa mpwa wangu Chipego,

Kabla wewe hujazaliwa, hakuna taa iliyowaka nchi hii bila mkono wangu wa kulia kujua. Soma tena hapo, polepole. Migodi ya shaba kule kaskazini, hospitali, baa zote za Lusaka, wote walikuwa wakimsubiri Laston Siamwinde afungue koki ya bwawa la Kariba asubuhi ndipo wapate kuchemsha chai.

Sasa jana Mwalimu Mukuli ameniletea kitabu ulichoandika huko ofisi ya mitaala, *Nishati Isiyokwisha: Kozi ya Darasa la Nane*. Nimekisoma nikiwa nimekalia kiti cha mwenyekiti wa kamati ya shule, na mwenyekiti ni mimi. Nimekuta jua. Nimekuta upepo, sura ya pili. Nimekuta mavi ya ng'ombe yanavyotoa gesi ya kupikia. Mavi yamepewa kurasa sita, Chipego! Sura ya tatu, ya ziwa letu, kurasa mbili. Mavi yana picha, mjomba wako hana hata herufi.

Hujui mwaka 1984 mamba aliingia kwenye mashine namba tatu? Wahandisi walisimama wanatetemeka kama watoto wa kuoga asubuhi. Nikafungwa kamba kiunoni, nikashuka, nikamvuta kwa mkia. Nchi ilikaa gizani dakika nne tu. Wakati napanda, Nyaminyami mwenyewe, nyoka wa mto, alinitazama dirishani akafumba jicho moja. Hayo ndiyo ya kufundisha watoto wa miaka kumi na mitatu.

Nataka picha yangu sura ya tatu, nimevaa ile suruali ya kijivu ya kamati. La sivyo, fomu yako ya kuijaribu kozi hapa itakaa bila muhuri, na muhuri uko mfukoni mwangu.

Barua nampa Hachipuka, dereva wa lori la dagaa. Ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo usimwamini neno.

Mimi mjomba wako, kaka wa mama yako, mwenye ukoo,
Laston Siamwinde, Mwenyekiti
(muhuri wa kamati)

*

Lusaka
24 Mei 2016

Mjomba,

Nakusalimu kwa sababu mama amesimama nyuma yangu.

Hakuna mamba anayeweza kufika kwenye mashine ya umeme. Mbele yake kuna vyuma vya kuchujia. Kitabu hiki ni cha shule, si cha picha za wajomba. Fomu isipopigwa muhuri kufikia Ijumaa ijayo, vifaa vinakwenda shule ya nyuma ya kilima, na utawaeleza wazazi wa Mwanabuto mwenyewe.

Ukiipiga, shule itapata paneli moja ya sola, betri moja, taa mbili na pampu ndogo ya bustani. Tarehe 22 Julai wakaguzi watakuja. Wakikuta vifaa vinafanya kazi na watoto wanaelewa, kozi itaenda shule zote za bondeni. Wasipokuta hivyo, itawekwa kabatini, na mkataba wangu unaisha nayo. Miaka mitatu ya kazi yangu iko ndani ya hicho chumba chenu cha stoo.

Kwa hiyo usiiguse betri. Maji yake yakipungua, Mwalimu Mukuli ana chupa ya maji ya betri. Ni yeye tu.

Sura ya tatu ni fupi kwa sababu watoto wa bondeni wanalijua ziwa lao. Mabibi zao walihamishwa ili kupisha maji yake. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyao kila siku kuja huku. Siwezi kuwaeleza watu wa Gwembe bwawa ni nini.

Chipego Hamaundu

*

Mwanabuto
7 Juni 2016

Chipego,

Eti nakusalimu kwa sababu mama amesimama. Mama yako ni dada yangu mdogo, nimembeba mgongoni. Wewe ni wa ukoo wa mama yako, yaani wangu, hata baba yako akikupa jina lake ukalivaa kama shanga. Siku ya harusi yako ni mimi nitakayekaa mbele, kwa hiyo jifunze adabu mapema.

Muhuri nimepiga. Nimeugonga kichwa chini, ili ofisi yenu ijue kwamba mwenyekiti hakupenda.

Vifaa vimefika. Hachipuka aliviteremsha mbele ya watu akapaza sauti: "Ba Laston! Si ulisema wewe ndiye baba wa umeme? Mbona nyumbani kwako unawasha kibatari?"

Nikamwambia, "Mpishi wa harusi hulala njaa, mjinga wewe."

"Mpishi angalau ananuka vitunguu," akasema. "Wewe unanuka dagaa tu."

Ukoo wa watani ni adhabu. Huwezi hata kukasirika.

Nimehudhuria masomo, nakaa nyuma kukagua. Wiki iliyopita wamepika dagaa ndani ya boksi lenye kioo na karatasi za kung'aa, kwa jua tupu. Saa tatu nzima! Mke wangu angekuwa ameshapika, amekula, amenitukana na kuosha sufuria. Dagaa waliiva, sikatai. Lakini watoto wakitaka kujua mambo ya ziwa, hawamuulizi Mukuli. Wananizunguka mimi mapumziko. Kuna msichana mmoja, Mizinga, anauliza maswali kama polisi wa barabarani. Namjibu yote. Kurasa zako mbili hazijibu kitu.

Mukuli amefiwa na mama mkwe, amekwenda Choma wiki mbili. Ufunguo wa stoo ameniachia mimi. Kumbe wapo wanaojua nani ni nani.

Mwenyekiti, L. Siamwinde
(muhuri)

*

Lusaka
15 Juni 2016

Mjomba,

Mpelekee mwalimu msaidizi ufunguo huo leo hii. Si kesho.

Unakumbuka redio yako ya kijani? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Betri zake zilikuwa zimeisha, ukazianika juu ya bati kama mihogo, zikavuja, ukazirudisha hivyohivyo. Redio ikafa. Mimi niliifungua kuona kilichoharibika, na ulipaswa kunishukuru. Badala yake ulitangaza kijiji kizima kwamba mtoto wa dada yako ana mkono wa nuksi, akigusa kitu kinakufa. Mwaka mzima hakuna aliyekubali nimchotee maji. Wanawake waliondoa ndoo zao nilipofika kisimani.

Nilisoma umeme kwa ajili ya redio ile. Kwa hasira. Usidhani nilisoma kwa kukuenzi.

Kuhusu mashine namba tatu: nilimsomea mama barua yako. Kila ukitaja Kariba anacheka mpaka anashika ubavu, na nikimuuliza kwa nini hasemi. Anasema tu, "Muulize mjomba wako kama bado anapenda sukari nyingi."

Ufunguo.

Chipego

*

KAMATI YA SHULE YA MWANABUTO
1 Julai 2016

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mitaala, Lusaka
Nakala: Bi C. Hamaundu

YAH: BETRI YENU KUFA NA HATARI KWA TAIFA

Bwana Mkuu, mimi ni mwenyekiti, na kwa unyenyekevu mkubwa ni mtaalamu wa umeme wa tangu zamani. Napenda kuripoti kwamba betri ya kozi ya Bi Hamaundu imekufa tarehe 18 Juni bila kuugua. Imevimba ubavu mmoja. Taa haziwaki, pampu imenyamaza, mboga za bustani zimelala chini.

Inaonekana ililetwa ikiwa mbovu, au kozi yenyewe imeandikwa na mtu ambaye toka utotoni akigusa kitu kinakufa. Ushahidi wa redio upo.

Hasara ni kama ifuatavyo. Betri, moja. Imani ya wazazi, yote. Suruali ya mwenyekiti, ya kijivu, imetoboka kuanzia paja hadi ugoko, matundu ishirini na moja.

Naomba kozi isimamishwe, na ikiandikwa upya aandike mtu mwenye uzoefu.

Kwa heshima zote,
Laston Siamwinde
(muhuri, mara tatu)

*

Lusaka
8 Julai 2016

Laston Siamwinde,

Nimeitwa ofisini nikasomewa barua yako kwa sauti, mbele ya watu tisa. Waliposoma habari ya redio, wawili walicheka. Mkuu amesema wakaguzi watakuja tarehe ileile, lakini sasa wanakuja kuamua kama kozi izikwe.

Nina swali moja. Suruali hutobokaje na betri iliyokufa "bila kuugua"? Nguo hutobolewa na tindikali. Tindikali haitoki ndani ya betri kwa miguu yake. Lazima mtu aimwage. Mwalimu Mukuli ameniandikia kwamba aliporudi kutoka Choma alikuta chupa ya maji ya betri imejaa, kizibo hakijafunguliwa. Basi uliweka nini mle ndani? Shukuru Mungu ilikupata mguuni na si machoni. Shukuru zaidi kwamba hakukuwa na mtoto karibu.

Amenitumia pia majaribio ya darasa. Swali la saba: *Umeme wa bwawa hupatikanaje?* Watoto thelathini na wanane. Thelathini na mmoja wameandika kwamba umeme umo ndani ya maji ya ziwa na mashine huukamua, kama maziwa. Mizinga ameongeza: "Ba Laston alituambia, yeye alikuwa anafanya kazi ndani."

Umeniulia betri, na umewajaza watoto upuuzi. Harusini kwangu atakaa mbele kaka wa baba yangu. Nimeshamwambia.

Chipego Hamaundu

*

Mwanabuto
13 Julai 2016

Wewe mtoto,

Kaka wa baba yako! Mtu anayefuga kuku mmoja! Atakalia nini, kiota? Ukoo wetu hautoi bibi harusi kupitia mlango wa watu wengine, na ukifanya hivyo mama zako wakubwa na wadogo wote watakaa nje ya uzio na vyungu vyao vya togwa ya chibwantu, muone mtakunywa nini.

Suruali niliirarua kwenye miiba. Miiba midogo midogo. Sina cha kuongeza.

L. Siamwinde
(muhuri)

Tena: hivi betri ikimwagwa maji yake ya ndani yote, halafu ikajazwa mengine, inaweza kufufuka? Namuulizia mtu.

*

Lusaka
18 Julai 2016

Mjomba,

Mwambie huyo mtu haiwezi.

Nimekaa na sura ya tatu siku mbili. Naandika haya kwa shida, nawe ndiye mtu wa mwisho niliyetaka kumwandikia. Kurasa zile mbili zinasema ziwa ni ghala la umeme wa nchi, zinataja miji inayopata, zinataja mwaka tulipohamishwa. Hazisemi popote kwamba maji yanasukuma gurudumu na gurudumu ndilo linaloleta umeme. Sikuandika. Niliona kila mtoto wa ziwani anajua. Anajulia wapi? Hakuna aliyewahi kuwafungulia mlango wa kituo cha umeme.

Hilo ni kosa langu na nitawaambia wakaguzi hivyo. La betri ni lako. Ukinyamaza, wataandika kwamba vifaa vya kozi vinaua, na hakuna shule itakayovipokea tena. Sitaki picha, sitaki mamba, sitaki Nyaminyami. Nataka sentensi moja ya kweli kutoka kwako, tarehe 22, mbele yao.

Sitakuja. Sina hamu ya kukuona.

Chipego

*

Mwanabuto
23 Julai 2016

Chipego,

Wakaguzi wamekuja jana, mama mmoja wa miwani na kijana mmoja wa kuandika. Betri iliwekwa juu ya meza mbele ya darasa, imevimba, kama maiti inayosubiri ndugu. Mama wa miwani akauliza, "Nani ataniambia ilikufaje?"

Mukuli akatazama dari. Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya mke wangu ya shambani, fupi kidogo.

Hachipuka alikuwa dirishani, na hakualikwa. Akasema, "Iulizeni suruali ya kijivu! Iko kwenye kamba nyumbani kwake, inapitisha upepo vizuri kuliko ile sura ya pili!"

Darasa zima likacheka. Hapo Mizinga akasimama bila kuitwa. Akasema, "Mama, leo jua lipo, betri si lazima." Akatoka na wenzake watatu, wakachukua nyaya za paneli wakaziunga moja kwa moja kwenye pampu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ikakohoa, ikatema tope, halafu maji yakaja kwenye mboga. Wingu likapita, pampu ikasimama. Wingu likaondoka, ikaendelea. Mtoto akaeleza kwa nini, na kwa nini betri inatakiwa siku za mawingu, kwa maneno ya kitabu chako, bila kusoma. Kijana wa kuandika akaandika mpaka kalamu ikaisha, akaazima yangu.

Halafu mama wa miwani akamuuliza: "Na umeme wa ziwa?"

"Umo ndani ya maji, mama. Unakamuliwa. Ba Laston alikuwa ndani."

Wote wakageuka. Yule mama akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulionimaliza, "Mzee, ulipokuwa ndani, uliwaona wakikamua?"

Nilifungua mdomo nikamwita yule mamba. Hakuja.

Basi nikasimama. Nikasema: Mukuli alipokwenda msibani, niliona betri imepungua maji. Ile chupa yenu ndogo nikaidharau, maji ya dukani yatakuwa na umeme gani? Maisha yangu yote nimeona ziwa hili linawasha nchi nzima na sisi tuko kando yake na vibatari. Nikasema safari hii tupate na sisi. Nikamwaga yale ya zamani, yalionekana yamechoka, yakanirukia mguuni. Nikashuka ziwani na ndoo, nikachota mbali na ukingo yalipo mazito, nikajaza vyumba vyote sita vya betri. Asubuhi ilikuwa imekufa. Nikasema kozi haina kosa, na aliyeiandika hana mkono wa nuksi, na redio pia niliiua mimi.

Hakuna aliyecheka. Hata Hachipuka alitoka dirishani. Ningeona heri angecheka.

Nikaandika yote karatasini na kupiga muhuri. Safari hii haukuwa kichwa chini. Wakaguzi wamesema kozi inaendelea muhula mmoja zaidi hapa, kwa masharti kwamba sura ya tatu iandikwe upya, na uiandike wewe. Betri italetwa nyingine. Kamati nayo imekaa, imechukua ufunguo, imechukua na muhuri, imempa mwalimu msaidizi. Ndiyo maana barua hii unaiona uchi.

Usidhani tumepatana. Ulinisoma mbele ya mama yako kama gazeti. Kurasa sita za mavi bado ni matusi, na umesema neno lililonichoma kuliko ile tindikali, la kunikalisha nyuma harusini. Kiti changu usimpe yule mtu wa kuku mmoja. Kiweke wazi kama unataka, lakini usimpe.

Jambo la mwisho. Mizinga amenifuata jioni mpaka uani. Anasema amesikia kwamba maji husukuma gurudumu. Anataka kujua ni kubwa kiasi gani, linazunguka kwa sauti gani, limelala au limesimama. "Wewe si ulikuwa ndani, Ba Laston? Kosa lako ni la maji tu, gurudumu si uliliona?" Nimemwambia nitamjibu Jumatatu, nina shughuli.

Niandikie upana wake kabla ya Jumatatu. Mpe Hachipuka, aendeshe haraka. Mama yako anajua kwa nini siwezi kumjibu mwenyewe. Ile miezi saba ya Kariba nilikuwa nje ya geti na beseni kichwani, nauza vitumbua vya sukari nyingi alivyokaanga yeye, na walinzi hawakuniruhusu kupita hata kwenda chooni.

Mjomba wako,
Laston